Premio ya 2003 inakula oili: nitengeneze injini au nibadilishe gari?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaojua magari.

Gari ni Toyota Premio ya 2003, injini 1ZZ-FE (cc 1794), gia otomatiki, dashibodi inasoma km 214,000. Lipo Dar, linatembea kila siku Mbagala hadi Posta, mara chache Morogoro. Hali yake:

Oili inapungua karibu lita moja kila km 1,200, na chini sioni tone. Nikikanyaga mafuta baada ya kuachia kwenye mteremko unatoka moshi wa bluu kidogo. Asubuhi gia ya kwanza kwenda ya pili inagonga. Taa ya injini inawaka, mashine inasoma P0420 (msimbo wa hitilafu ya kataliti, kisafisha moshi cha ekzosi). Shokapu za mbele zimekufa na bushi zinalia.

Gereji moja inataka shilingi milioni 2.4 (2.4m) kufungua injini yote. Nyingine inasema ifungwe injini ya mtumba, 2.2m kila kitu. Dalali amelitaja 7m kama lilivyo. Premio ya 2010 ipo sokoni kwa 21m. Niendelee na hili au niongezee hela?

#2 Fundi Injini

Mkuu, hao wote wawili wamekupa bei bila kupima. Usilipe chochote kwanza.

1ZZ za mwanzo, zilizotoka kabla ya 2005 hivi, zina kasoro inayojulikana. Pistoni zake zina matundu machache na membamba ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, matundu yanaziba kwa masizi, ringi ya oili inanata kwenye mfereji wake, na oili iliyobaki kwenye ukuta wa silinda inaungua. Ringi mbili za juu, za kubana kompresheni, zinaweza kuwa nzima kabisa. Ndiyo maana gari linakuwa na nguvu na linawaka vizuri lakini linakunywa oili.

Pima hivi. Jaza oili hadi alama ya juu gari likiwa limesimama sehemu tambarare, limezimwa dakika kumi. Andika kilomita. Tembea km 1,000 na kila unapoongeza pima kwa kikombe chenye alama, usikadirie kwa macho. Chini ya nusu lita unaweza kuishi nayo. Lita moja kwa km 1,000 ni mpaka. Ukiuvuka, lazima ufanye kitu.

Halafu kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na za injekta, mtu akanyage mafuta hadi chini wakati wa kupiga stata, na betri iwe na chaji kamili. 1ZZ nzima inasoma psi 185 hivi. Isishuke chini ya 145, na tofauti ya silinda kwa silinda isizidi 15. Silinda ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tatizo ni vali au gasketi ya silinda hedi.

Muda wa moshi nao unasema kitu. Bluu inayotoka sekunde chache tu unapowasha asubuhi ni sili za vali. Bluu inayotoka unapokanyaga baada ya kuachia, kama yako, inaweza kuwa ringi ya oili, ingawa sili za vali nazo hutoa moshi huo. Mweupe usioisha na maji yanapungua kwenye rejeta, hiyo ni gasketi.

Na kabla ya yote hayo, chomoa vali ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) kwenye kava la vali uitikise. Isipogonga ndani, imeganda. Spea yake ni ya bei ndogo sana na ikiziba inasukuma oili kwenye injini kama ringi mbovu. Pitisha tochi pia kwenye tenshena (kikazio) ya mnyororo wa taimingi, upande wa mnyororo. Oringi yake (ringi ya mpira) hukauka na kuvuja, oili inateremka ubavuni mwa bloku na kuungulia hapo hapo kwa joto, huoni tone chini.

P0420 iache kwanza. Oili inayoungua ndiyo inayoua kataliti. Ukinunua kataliti leo bila kuzuia oili, mpya nayo itakufa.

#3 Mdau wa Kinondoni

Uza mkuu. Gari likifika miaka ishirini, kila mwezi ni gereji. Na kanuni ya kawaida inasema matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, achana nalo. Hapo injini, gia, shokapu na kataliti unakaribia.

#4 Mtu wa Hesabu

Kanuni hiyo ya nusu ya thamani inawapoteza watu. Thamani ya gari lako siyo kitu cha kulinganisha nacho, kwa sababu ukiliuza 7m hupati gari zima la 7m. Unapata gari la mtu mwingine lenye shida zake ambazo wewe huzijui. Linganisha gharama ya kubaki nalo na gharama ya kuwa na lile jingine, kwa kipindi kile kile. Chukua miaka mitatu.

Kubaki: tuseme injini 2.4m, gia na miguu ya mbele 1.5m, na gari lishuke kutoka 7m hadi 5.5m. Jumla 5.4m.

Kubadilisha: gari la 21m likiuzwa 16m baada ya miaka mitatu, umepoteza 5m. Ongeza huduma ya kwanza ya gari usilolijua, yaani oili zote, filta, plagi, breki, betri, pengine matairi: weka 1.5m. Kuhamisha umiliki na bima kubwa juu yake, maana bima hiyo inatozwa kwa asilimia ya thamani. Hapo umeshapita 6.5m, na bado hatujagusa chanzo cha hela. Ile 14m ya kuongezea ukiikopa kwa riba ya 17% kwenye salio linalopungua, miezi 36, marejesho ni karibu 499,000 kwa mwezi na riba peke yake inakaribia 4m.

Kwa hiyo kwa fedha taslimu zinakaribiana, kwa mkopo gari la zamani linashinda waziwazi. Hesabu hii inavunjika kwa mambo mawili tu: bodi ikiwa imeoza, au gari likikulaza njiani mara nyingi kiasi cha kukukosesha kazi. Siku moja ya kazi iliyopotea ina bei, iandike kwenye karatasi pamoja na spea.

#5 Mdau wa Kinondoni

Nimekuelewa kwenye mkopo. Lakini hiyo 1.5m ya gia na miguu ya mbele, gia ikifa kabisa je?

#6 Mtu wa Gia

Swali zuri, na ndilo la kujibu kabla ya kugusa injini. Gia ikiwa imekufa pamoja na injini, mizani inageuka.

Premio ya 1ZZ ina gia nne otomatiki, U341E. Oili yake ni Toyota T-IV. Usikubali kuwekewa WS, oili nyingine ya Toyota, wala ile inayoandikwa kuwa inafaa magari yote. Chomoa dipstiki injini ikiwa ya moto na inaunguruma, baada ya kupitisha leva kwenye P, R, N, D na kurudi P. Futa kwa kitambaa cheupe. Nyekundu au kahawia nyepesi, bado ina maisha. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, na kuna vumbi gumu ukisugua vidoleni, hizo ni klachi zinalika.

Kugonga asubuhi ya kwanza kwenda ya pili kisha kutulia ikipata moto, mara nyingi ni oili iliyochoka au solenoidi (vali ya umeme ya gia) inayonata. Hilo ni jambo la kutibika. Dalili mbaya ni hizi: ukiweka D gari linachukua sekunde mbili au zaidi kushika, mzunguko unapanda bila gari kuongeza kasi, au ya nne inaachia kwenye mwendo.

Kama oili haijabadilishwa miaka mingi, usipeleke kwenye mashine ya kusukuma kwa presha. Uchafu uliotulia unahama na kuziba njia za vali bodi. Fungua nati ya chini, mwaga, zitatoka lita tatu hivi, rudisha kipimo kile kile kilichotoka. Tembea km 1,000, rudia. Mara ya tatu tena. Mara ya kwanza shusha sampo (beseni la oili la chini), badilisha filta na gasketi, na uangalie sumaku zilizomo: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma vinavyoshikika siyo kawaida. Ukiviona, simamisha matengenezo yote ya injini hadi uamue kuhusu gia.

Jambo jingine: hiyo Premio ya 2010 ina CVT, gia ya mkanda isiyo na hatua. Haitumii T-IV, inatumia oili yake ya CVT, na kuna mafundi bado wanatia ATF (oili ya gia otomatiki) ya kawaida humo. Mkanda unateleza, gia imekwenda. Ukiiangalia, panda mlima taratibu na usikilize mvumo au mtetemo kwenye mwendo mdogo. Injini zake za 2ZR pia pampu ya maji huvuja. Angalia alama za maji yaliyokauka, rangi ya pinki, karibu na puli ya pampu.

#7 Bodi na Rangi, Tanga

Wote mnazungumzia injini na gia, lakini hivyo ni vitu vya kufunga na kufungua. Gari halifi kwa injini, linafa kwa bodi. Na gari lililoishi Dar, Tanga au Unguja miaka mingi, chumvi ya bahari imeshalifikia. Mengine yalikuja na kutu tayari kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi.

Lipandishe juu, chukua bisibisi bapa uchokonoe kwa nguvu ya kawaida. Anza sehemu za kupigia jeki pembeni, kisha chini ya milango kwa urefu wote, juu kwenye vikombe vya shokapu za mbele ndani ya boneti, na fremu inayobeba injini pale mikono ya chini inapofungwa. Inua kapeti ya dereva na ya nyuma. Toa tairi la akiba, angalia shimo lake. Bisibisi ikizama, chuma kimekwisha. Ikikwaruza rangi tu, ni kutu ya juu.

Kutu ya milango, bampa na boneti ni sura tu. Kutu kwenye vikombe vya shokapu au fremu ya injini ndiyo inayoua: gari haliwezi tena kupigwa alaimenti likakaa sawa, na kwenye ajali halikulindi. Hapo uza, na umwambie mnunuzi ukweli.

Ikiwa ni chini ya milango tu, inatengenezeka, lakini kwa kukata hadi chuma safi, kuchomelea bati la unene wa mm 1.2 hivi, praima ya zinki, sila kwenye maungio yote, na nta ya kupulizia ndani ya uwazi. Fundi akikwambia anapiga puti juu ya kutu, ondoka hapo. Puti inashika unyevu na kutu inaendelea ndani. Mwaka mmoja mapovu yanarudi. Beba sumaku ndogo unapokagua gari la kununua pia. Isiposhika, chini yake kuna puti nene.

#8 Mwanapwani, Mombasa

Huku kwetu Kenya hesabu ina pembe nyingine. Gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, kwa hivyo ukitaka gari ya bei ya chini utanunua iliyotumika hapa hapa, na imeshapita mikononi mwa watu. Hiyo ndiyo sababu makanika wengi wa huku watakwambia gari unayoijua, yenye bodi safi, itunze. Mafundi wazuri wa 1ZZ hawakosekani, spea zimejaa.

Nyinyi wa Tanzania mnaweza kuagiza ya zamani, lakini uliza ushuru kwanza.

#9 Mwagizaji

Shukrani ndugu wa Mombasa, hapo umegusa penyewe. Huku miaka ya gari inapandisha kodi. Kwa mpangilio uliozoeleka, gari la cc 1001 hadi 2000 linatozwa ushuru wa forodha 25% ya CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini), kisha ushuru wa bidhaa 5%, na juu yake ushuru wa uchakavu: 15% kwa miaka 8 hadi 10, 30% likizidi 10. Mwisho VAT 18% juu ya jumla yote.

Chukua CIF kama 100. Forodha inaifikisha 125. Asilimia 35 ya 125 ni 43.75, tupo 168.75. Weka VAT, inakuwa 199. Yaani kodi ya gari lenye zaidi ya miaka 10 inakaribia bei ya gari lenyewe hadi bandarini, kabla ya tozo ndogondogo. Gari la chini ya miaka 8, hesabu hiyo hiyo inaishia 155. Na CIF inayotumika ni ile ya mfumo wa TRA (Mamlaka ya Mapato), siyo lazima iwe ile uliyolipa, hivyo pitia kikokotoo chao kwa mwaka na modeli halisi. Viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada ya Kijapani, siyo picha tu. Daraja 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu na C ni kutu iliyokula chuma. XX ni paneli iliyobadilishwa. Wengi wanatazama kilomita na kusahau S na C, wakati hizo ndizo zitakazokurudisha kwa fundi wa Tanga hapo juu.

#10 Mleta uzi

Nashukuru sana wote. Nimepima, majibu haya hapa.

Oili: lita 0.9 kwa km 1,000. Kompresheni: 178, 175, 180, 176. PCV haigongi kabisa, imeganda. Tenshena ina unyevu wa oili kwa nje. Gia: oili kahawia, haina harufu, sumaku zina unga laini tu, D inashika mara moja. Kutu: sehemu mbili chini ya mlango wa abiria, bisibisi imezama kidogo. Vikombe vya shokapu na fremu ni vizima.

Je, injini ya mtumba bado ina maana?

#11 Fundi Injini

Kwa namba hizo, hapana. Silinda zako ni nzima na zinalingana. Aliyetaka kufungua yote kwa 2.4m angebadilisha vitu vizima. Na injini ya mtumba ya 1ZZ ya miaka ile ile inaweza kuja na pistoni zile zile, unanunua ugonjwa uliokuwa nao. Anayelazimika kuichukua atafute iliyotoka 2005 kwenda mbele, ambayo pistoni zake zina matundu mengi na mapana zaidi. Aangalie uji mweusi chini ya kifuniko cha oili, atoe plagi aone kama zina oili, na kabla haijafungwa abadilishe sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na thamostati ikiwa bado iko chini. Namba ya injini inayobadilika iende TRA na risiti, ibadilishwe kwenye kadi, la sivyo utakwama siku ya kuuza.

Wewe anza na PCV mpya na oringi ya tenshena. Kisha loweka pistoni. Injini ikiwa ya uvuguvugu, toa koili na plagi (boksi ya 16). Zungusha krenki kwa mkono kupitia boliti ya puli hadi pistoni zote nne zikae usawa mmoja katikati. Tumia kijiti cha plastiki kwenye matundu kujua. Mimina dawa ya kuyeyusha masizi ml 40 kila silinda. Acha usiku kucha, na kila baada ya saa mbili tatu tikisa krenki mbele na nyuma kidogo ili dawa iteremke kwenye ringi.

Asubuhi nyonya iliyobaki kwa bomba la sindano lenye mpira. Hapa ndipo watu wanapoharibu injini: kimiminika hakibanwi, kikibaki juu ya pistoni na plagi ukafunga, stata inapinda koneti rodi. Funika matundu kwa matambara, chomoa soketi za injekta, piga stata sekunde tano, mara tatu. Ndipo ufunge plagi. Iwashe nje, siyo ndani ya gereji, maana itatoa moshi mzito robo saa nzima. Ikitulia zima, mwaga oili papo hapo na ubadilishe filta, kwa sababu dawa imeshateremka kwenye sampo na imeilainisha oili.

Inaingia lita 3.7 hivi pamoja na filta. Kwa joto la Dar na injini ya umri huu weka 10W-40. Pima tena km 1,000.

#12 Mtu wa Hesabu

Loweko lisipofaa?

#13 Fundi Injini

Ulaji wa oili ukishuka hadi nusu lita, rudia loweko mara moja zaidi kisha uishi nao, ukikagua dipstiki kila Jumamosi. Usiposhuka kabisa, fungua ubadilishe pistoni nne za toleo jipya na ringi zake. Ringi peke yake kwenye pistoni za zamani ni kutupa hela, matundu ni yale yale. Asikwambie mtu habari ya kupiga bore (kupanua silinda): kuta za silinda za 1ZZ ni nyembamba na Toyota haikutoa pistoni za oversaizi. Silinda hedi ikishuka, ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia mwanya). Ikipinda zaidi ya mm 0.05, iende kwenye mashine. Boliti zake zinakazwa Nm 49 kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kisha nyuzi 90. Fundi asiye na spana ya kupimia nguvu asiiguse.

Kataliti subiri hadi oili ikae sawa, ndipo ufute msimbo wa P0420 uone kama inarudi.

#14 Bodi na Rangi, Tanga

Na zile sehemu mbili za chini ya mlango usizingoje injini. Zikatwe kabla mvua za masika hazijaanza, na matundu ya kutolea maji chini ya milango yazibuliwe. Yakiwa yameziba, maji yanakaa ndani na bati jipya litaoza kutokea upande usiouona.